Kwani muhogo umetukosea nini?

Haya makomredi, na nyinyi wengine mnaopita hapa kimyakimya bila hodi, CAT zimeisha na mimi nimepumua. Leo ni Jumamosi, hosteli imetulia, kamba za nguo zimejaa, na huko nje jua linawaka utadhani linatudai deni. Nilipanga leo niandike habari za HELB, lakini zitangoja, manake kuna jambo limenikaba kooni tangu katikati ya wiki.

Tulikuwa na mgeni darasani, mtaalamu, amekuja kutusomesha juu ya mabadiliko ya tabianchi. Slaidi nzuri, ramani za rangi, kila kitu. Halafu akamalizia kwa kusema ati shida kubwa ya mkulima wa Pwani ni kulima kwa mazoea, na kwamba akielimishwa atabadilika. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Si ujeuri, ni vile tu kwetu ni Ganze, na hawe wangu (yaani bibi yangu, kwa wasiojua Kigiriama) amebadilisha kilimo chake mara nyingi kuliko mimi nilivyobadilisha simu.

Basi nataka niseme langu. Mkulima wa Pwani hahitaji kuambiwa kwamba mvua imebadilika. Yeye ndiye aliyetangulia kujua. Kinachomkwamisha ni kwamba kila kitu kinachomzunguka, kuanzia mbegu na mbolea ya ruzuku, chakula cha msaada, soko, mpaka heshima ya sahani mezani, kimepangwa kwa ajili ya mahindi. Na mahindi, katika ile nchi kavu ya bara ya Kilifi, ni kamari. Muhogo, mtama, kunde na pojo ndizo akiba. Sisi tumeweka pesa kwenye kamari, tukaiacha akiba ijitegemee yenyewe. Halafu kamari ikiliwa, tunamlaumu mkulima.

Nianze na mvua yenyewe, kwa ajili ya wale marafiki zangu wa Nairobi na Eldoret wanaodhani Pwani yote ni ufuo na minazi. Kaunti ya Kilifi ni moja kwa jina tu. Kwa mwaka mzima, ukanda wa baharini unaweza kupata mpaka milimita 1,300 za mvua. Ukiingia bara, kule Ganze, Bamba na Magarini ya ndani, inashuka mpaka kwenye milimita 300. Yaani unatoka Mtwapa kwenye minazi na miembe, unapanda matatu, na kabla hujamaliza njugu zako ushafika kwenye miiba na vumbi jekundu. Misimu ni miwili. Kuna mvua kubwa za Machi mpaka Mei au Juni, ambazo sisi watu wa Pwani twaziita mwaka, na kuna vuli, za Oktoba mpaka Disemba. Zamani kaskazi ikitulia na kusi ikiingia, watu walijua mwaka umefika, wanashika majembe. Siku hizi upepo unaingia na mvua haiji nao. Au inakuja, inanyesha siku tatu kwa fujo, watu wanapanda, halafu inakata wiki nne.

Na si hisia za wazee tu. Mnakumbuka ukame ule ulioanza mwishoni mwa 2020. Misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika katika sehemu kubwa ya Kenya kavu, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akautangaza kuwa janga la kitaifa, na Kilifi ilikuwamo kwenye kaunti zilizoumia. Sababu moja ilikuwa La Niña, ile hali ya maji ya Pasifiki kupoa, ambayo huku kwetu huja na vuli kavu. Ilikaa miaka mitatu mfululizo, jambo lisilo la kawaida. Sababu ya pili ni joto. Watafiti wa World Weather Attribution walitoa hesabu zao Aprili 2023, wakasema mabadiliko ya tabianchi yalifanya ukame wa mashambani wa aina ile katika Pembe ya Afrika uwe na uwezekano zaidi ya mara 100 kuliko ambavyo ungekuwa bila ya dunia kupata joto. Mara mia jamani! Na sehemu kubwa ya hoja yao ni kwamba joto linanyonya hata kile kidogo kilichonyesha. Hawe angewaambia hivyo bila kompyuta: mvua ya leo inanyesha asubuhi, jioni udongo ushakauka.

Halafu mwisho wa 2023 ikaja El Niño, mambo yakageuka. Mafuriko. Barabara zikakatika, mashamba ya kando ya Sabaki yakazama. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba tunangoja tu nchi iwe jangwa. Tunachongoja ni nchi isiyotabirika, na hiyo kwa mkulima ni mbaya kuliko ukame unaojulikana.

Sasa tazameni jinsi mahindi yanavyokufa. Wengi hudhani mmea unahitaji maji mengi tu, basi. Mahindi yanahitaji maji kwa WAKATI wake. Yakifika pale pa kutoa mbelewele na ndevu, yakikosa mvua wiki mbili tu, ndevu hazipati chavua vizuri na gunzi linabaki na meno ya kuhesabu. Hata mvua ikirudi kesho yake, haisaidii tena, wakati ushapita. Unabaki na shamba la kijani linalopendeza kwa mbali, na ndani hamna kitu. Nimeliona shamba hilo mara nyingi. Mpita njia anasema mwaka huu mmepata, kumbe wenyewe mshajua mmelala njaa.

Muhogo hauko hivyo. Muhogo mvua ikikata, unapukutisha majani, unanyamaza. Unakaa pale kama mtu aliyejifunika shuka kungojea homa ipite. Mvua ikirudi, hata baada ya miezi, unatoa majani mapya na kuendelea pale ulipoachia. Hauna ile wiki moja ya kufa au kupona. Halafu haulazimishi uvune siku moja. Unang'oa mashina mawili ya leo, mengine yanabaki ardhini. Shamba lenyewe ndilo ghala.

Na wakulima wanalijua hili. Ndiyo maana nasema neno "mazoea" liliniudhi. Nendeni Ganze mkatazame shamba la mtu mmoja mwenye akili timamu. Hapandi mbegu moja. Kona hii kaweka mahindi ya kienyeji, yale ya Mdzihana, kona ile kaweka mbegu ya dukani, katikati kunde, pembeni pojo, na mstari wa mihogo kwenye mpaka. Hapandi siku moja: sehemu moja anatia mbegu kwenye vumbi kabla ya mvua, nyingine anangoja udongo ulowe. Ikiharibika hii, huenda ile ikapona. Kunde inafaa tangu majani, mboga ya wiki za mwanzo, kabla hata haijatoa mbegu. Wengine wamechimba mashimo ya zai, yale mashimo mapana yanayokusanya maji na samadi pale penye mmea, ufundi uliotoka nchi kavu za Afrika Magharibi. Wengine wamechanga nguvu kuchimba silanga la kukinga maji ya mvua. Wengine wamepunguza ng'ombe wakaongeza mbuzi, manake mbuzi anakula miiba na kuishi.

Zipo pia njia zisizofurahisha, na nazo ni kujinusuru vilevile. Kukata miti na kuchoma makaa. Kuuza mbuzi wakati wa njaa, ambapo kila mtu anauza, kwa hivyo bei imeanguka na mbuzi mwenyewe ni mifupa. Kumtoa mtoto shule. Vijana kushuka Mombasa na Malindi kubeba mizigo au kuendesha boda. Mimi mwenyewe karo yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye zizi, na zizi halijajaa tena tangu siku ile. Kwa hivyo mtu akiniambia watu wetu hawabadiliki, nataka nimuulize: wabadilike mpaka wauze nini?

Tena haya hayakuanza na sisi. Wagiriama wana majina ya njaa zao, kama vile watu wengine walivyo na majina ya wafalme. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 inaitwa Magunia, kwa sababu ya magunia ya nafaka iliyoletwa kuokoa watu. Na jibu lao kubwa la zamani lilikuwa kuhama. Ardhi ikichoka au mvua ikikimbia, unasogea. Ndivyo walivyovuka Sabaki kwenda kaskazini, wakalima nafaka mpaka ya kuuza. Mwaka 1914 serikali ya Waingereza ikawatoa huko kwa nguvu, baada ya ule upinzani wa Mekatilili wa Menza ulioanza 1913. Siku hizi hakuna pa kusogea. Kila upande kuna ua, hati, ranchi au mtu mwingine mwenye njaa kama wewe. Ile njia kubwa ya wazee imefungwa, na hatukupewa nyingine badala yake.

Na mahindi nayo si ya mababu kama tunavyodhani. Kabla yake kulikuwa na mtama na mawele. Hata Malindi ya karne ya 19 ilipakia majahazi mtama na ufuta kwenda Uarabuni, ingawa tusisahau kwamba ulilimwa na watumwa. Mahindi yalishinda kwa sababu za maana kabisa. Yana maganda, kwa hivyo ndege hawayamalizi. Mtama unaanikwa juu kabisa mbele ya ndege, unataka watoto washinde shambani wakiwafukuza, na watoto sasa wako shule (alhamdulillahi kwa hilo). Mahindi yanakomaa kwa miezi mitatu minne, unayachoma yakiwa mabichi, unayasaga popote penye mashine ya posho, unayauza popote penye mizani. Mkulima aliyeyachagua hakuwa mjinga. Alichagua vizuri kwa mvua za wakati ule. Mvua zimebadilika, lakini kila kilichojengwa kuyazunguka kimebaki palepale.

Tuangalie kilichojengwa basi. Kituo cha utafiti cha Mtwapa, ambacho sasa kiko chini ya KALRO na zamani kilikuwa KARI, kimefanya kazi kubwa. Kilitupatia mahindi yanayofaa Pwani, Pwani Hybrid 1 mwaka 1989, kisha Pwani Hybrid 4. Kikatupatia pia mihogo: Tajirika, Shibe, Karembo, Siri, na ile ninayoipenda kwa jina tu, Nzalauka. Nzala kwa Kigiriama ni njaa. Kuuka ni kuondoka. Yaani mbegu inaitwa "njaa, ondoka"! Sasa niambieni ukweli, nyinyi mliosoma huku chuoni miaka mitatu minne, wangapi mmewahi kulisikia jina hilo? Jina la mbegu ya mahindi limechorwa ukutani kwenye kila duka la pembejeo kuanzia Mariakani mpaka Garashi. La muhogo halichorwi, kwa sababu hakuna anayefaidika kulichora.

Hapo ndipo penye kiini. Mbegu ya mahindi inaingia kwenye pakiti ya kilo mbili, inakaa rafuni, inabebwa na boda, na mwenye kampuni anauza tena msimu ujao. Muhogo hupandwa kwa vijiti. Mzigo wa vijiti wa ekari moja ni mkubwa, unakauka, hauwekeki dukani, na ukishaupata mara moja unaweza kujikatia mwenyewe na kumpa jirani. Hiyo kwa mkulima ni baraka. Kwa biashara ni hasara. Kwa hivyo bila serikali au chuo au chama cha wakulima kuingilia, vijiti haviwezi kusafiri. Na ukame ukikaa miaka mitatu kama ule, mihogo mingi inang'olewa yote ili iliwe, mashina yanakauka, na mvua ikirudi huna hata kijiti cha kuanzia. Mkulima anataka muhogo, hapati. Anarudi dukani kununua pakiti. Halafu tunasema ni mazoea.

Ruzuku nayo ni vivyo hivyo. Septemba 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulishushwa mpaka shilingi 3,500, na 2023 ukashuka tena mpaka 2,500. Sipingi, mkulima wa Trans Nzoia alihitaji. Lakini kwetu mbolea ya dukani juu ya udongo mkavu inaweza kuunguza kuliko kulisha. Kijiti cha muhogo kisicho na ugonjwa, kikifikishwa mpaka kijijini kwa wakati, kingetufaa kuliko mfuko huo.

Na mradi wa Galana Kulalu, mnaukumbuka? Ulizinduliwa 2014 kwa ndoto ya kunyunyizia ekari milioni moja katika Kilifi na Tana River, ukianza na shamba la mfano la ekari 10,000. Katika nchi kavu kama ile, zao kubwa la mfano likawa nini? Mahindi. Siwacheki, maji ya mto yanaweza kuotesha chochote. Ila inaonyesha tunavyofikiri. Tukisema "chakula" tunamaanisha unga mweupe, na tukikosa mvua tuko radhi kubeba mto mzima ili tupate unga huohuo.

Msaada wa chakula ni hivyohivyo. Wazee bado wanasimulia mahindi ya njano ya 1984, yaliyotoka nje, walivyoyala huku wameyakunjia uso. Miaka arobaini baadaye, lori la msaada likija linakuja na mahindi, maharage na mafuta. Watoto wanajifunza kwamba shida ikifika, wokovu ni mahindi.

Halafu tuje kwetu sisi wenyewe. Jioni saa kumi na moja pale nje ya geti, foleni iko wapi? Kwa mama wa muhogo wa karai, ndimu na pilipili juu. Wikendi Mombasa tunanunua kachiri kwa pakiti, tunazitafuna njia nzima. Lakini mtu akiulizwa "umekula?" anasema bado, sijala, nimeonja muhogo tu. Mpaka ipite sima ndipo mtu amekula. Na mgeni akija nyumbani ukampikia muhogo wa nazi, kesho kijiji kizima kinasema kwa fulani hali ni mbaya. Muhogo tumeupa kazi ya kutuokoa, lakini hatutaki uonekane sebuleni.

Najua mtakuja na hoja zenu, na nyingine ni za kweli, wacha nizitaje mwenyewe.

Kwanza, muhogo ukishang'olewa unaoza kwa siku mbili tatu. Kweli. Dawa yake ni kuukata na kuukausha kuwa makopa, au kuusaga unga, na hilo linataka mashine ya kukatia, turubai la kuanikia, na mnunuzi.

Pili, sumu. Muhogo una sainaidi, mchungu zaidi ya mtamu, na wakati wa ukame sumu inaongezeka hata kwa ule mtamu. Watu wamewahi kufa kwa muhogo uliopikwa haraka wakati wa njaa. Ndiyo sababu ya kumenya, kuloweka, kuanika na kuiva vizuri, na ndiyo sababu ya kupanda aina zinazojulikana, badala ya kungoja njaa ndipo watu wang'oe chochote.

Tatu, magonjwa. Ule wa michirizi ya kahawia, unaooza mzizi ndani huku majani yamesimama, uliandikwa na mtafiti Storey wa Amani, kule Usambara, mwaka 1936, na mpaka leo unasumbua mwambao wote. Kibandameno yetu tunayoipenda kwa utamu inashikwa sana. Hapo ndipo vijiti safi vinapohitajika, tumerudi palepale.

Nne, muhogo ni wanga tu, mwili hauishi kwa wanga. Sawa, na ndiyo maana nimesema pojo na kunde pamoja nao. Wala sima tupu nayo haijengi mtu.

Ya tano ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni ardhi na mifugo. Mahindi yanakaa shambani miezi mitatu minne, unayalinda, yakiisha mifugo inaingia kula mabua, kila mtu ameridhika. Muhogo unakaa mwaka mzima. Kiangazi kikiiva, majani ya muhogo ndiyo peke yake ya kijani, na mbuzi wa jirani hawasomi mipaka. Wafugaji kutoka Tana River nao hushuka na ng'ombe wao kutafuta malisho, nao pia wana njaa. Bila makubaliano, mwenye muhogo anaamka amevunwa na ng'ombe.

Na wale wa ukanda wa maili 10 wana zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitambua madai ya watu wengine na kuwaacha Wamijikenda wengi bila karatasi. Mpaka leo kuna mtu anaitwa skwota juu ya kaburi la babu yake. Mtu huyo unamwambia achimbe silanga, apande mikorosho na miembe, ajenge matuta ya kuzuia udongo? Kwa miaka mingi wenye mashamba waliwakataza maskwota kupanda miti, manake mti ni kama kudai. Anayeweza kufukuzwa Julai hupanda kinachovunwa Juni. Usimwite mvivu wa kufikiria mbele. Amefikiria, tena sana.

Kwa hivyo ningekuwa na sauti, ningetaka mambo machache tu. Tangu 2013 kilimo kiko mikononi mwa kaunti, kwa hivyo si lazima tungoje Nairobi. Kila wadi iwe na shamba la vijiti, hata la ekari moja, mahali penye maji ya mwaka mzima, kando ya silanga kubwa au shule yenye kisima, ili ukame ukiisha watu wawe na pa kuanzia. Pesa za chakula cha msaada na cha shule zinunue sehemu yake hapahapa: makopa, unga wa muhogo, pojo, kunde. Habari za kuchanganya unga wa mahindi na wa muhogo zimezungumzwa miaka na miaka, na kuzungumza hakujazi gunia. Machifu na wazee wakae na wafugaji kabla ya kiangazi, wakubaliane njia za mifugo na faini, siyo baada ya watu kukatana mapanga. Na ardhi, hilo sina la kuongeza ambalo wazee hawajalisema kabla sijazaliwa. Ila wanaoandika mipango ya tabianchi waliweke ukurasa wa kwanza, siyo kwenye viambatisho.

Na sisi wa hapa chuoni? Ardhi hii tunayokanyaga tukienda lekcha ilikuwa Kilifi Institute of Agriculture kabla ya kuwa chuo kikuu. Hapa palifundishwa watu wa kwenda mashambani. Tukitoka hapa na digrii ya kwenda kuwaambia hawe zetu kwamba jua ni kali, tutakuwa tumepoteza wakati wa watu.

Nyumbani sasa hivi mjadala ni ekari tatu. Mwaka unakaribia, na baba mdogo ameshaulizia bei ya mbegu za mahindi. Tuliongea naye kwa simu juzi, karibu dakika arobaini, salio langu lote likaishia hapo. Nikamweleza yote haya: mbelewele, La Niña, Nzalauka. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, ndivyo alivyo. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hayo yote nayajua. Muhogo nikivuna ekari tatu kwa mpigo, nitampelekea nani? Wewe niletee mnunuzi, mimi nitapanda mpaka kwenye uwanja wa nyumba."

Mnunuzi sina. Ninyi mnaosomea biashara, ninyi wenye jamaa kwenye viwanda vya unga, wenye hoteli, wapishi wa shule, na yeyote anayemjua anayenunua makopa kwa tani na kulipa kwa wakati, hebu niandikieni. Ekari tatu si nyingi, lakini majirani wanatazama tutapanda nini.